Pipa la Taka na Upepo wa Agosti

Mtu anayehamia Dodoma huonywa juu ya jua, juu ya vumbi na juu ya bei ya viwanja. Juu ya kifuniko cha pipa la taka hakuna anayemwonya. Nami nashikilia kuwa hilo ndilo la kwanza angepaswa kuambiwa, kabla hata ya kuoneshwa njia ya Soko la Majengo. Jua utalikwepa kivulini, vumbi utalifuta, lakini siku kifuniko kikifunuka nawe uko kazini, mtaa mzima utajua mlichokula, mlichonunua na mnachougua.

Mji huu uko juu, mita elfu moja na mia moja na ushee kutoka usawa wa bahari, kwenye nchi kavu isiyo na msitu wa kuupunguza upepo makali. Mvua huja Desemba na kuondoka Aprili. Baada ya hapo ni ukavu mtupu, na pepo za kusi hupanda bara zikivuma kutoka mashariki na kusini-mashariki, siku baada ya siku, hadi Agosti zinapokuwa na nguvu ya kung'oa bati lililopigiliwa kwa haraka. Wazee wa Kigogo walijenga matembe: nyumba fupi zenye paa bapa la udongo, ambazo upepo haupati pa kuzishika. Sisi wa sasa, tuliokuja kwa mafungu tangu TANU ilipoamua mwaka 1973 makao makuu yahamie hapa, na kwa wingi zaidi tangu serikali ihamie kweli kuanzia mwaka 2016, tunajenga nyumba ndefu za bati kwenye viwanja vilivyofyekwa hadi kisiki cha mwisho. Kisha tunaweka pipa la plastiki nje ya geti na kuutegemea mji uwe na huruma.

Pipa letu lilikuwa la kawaida: la kijani, lita 120, magurudumu mawili nyuma, kifuniko chenye bawaba. Lilikaa nje, pembeni mwa geti, kwa sababu gari la taka hupita mara moja kwa wiki na vijana wake hawaingii uani. Nyumbani tuko saba: mimi, mume wangu, watoto watatu, dada anayenisaidia kazi, na mama mkwe aliyekuja kutoka Mpwapwa kwa ajili ya kliniki akakaa. Watu saba hutoa taka za kutosha. Maganda ya viazi na ndizi, mabua ya mchicha, majivu ya mkaa, pampasi za kitinda mimba, karatasi za shule. Na mwezi wa Agosti zabibu zinavunwa kwa mara ya pili katika mwaka, kwa hiyo pipani kuna vikonyo na maganda ya zabibu yanayoita nyuki na nzi kutoka kila pembe. Nzi, kwenye joto, hutoka kwenye yai hadi kuruka kwa muda wa siku saba hadi kumi. Gari likichelewa siku chache na kifuniko kikawa wazi, umefuga kizazi kizima.

Kuna jambo jingine ambalo watu wamelisahau. Zamani taka za jikoni zilifungwa ndani ya mfuko wa rambo, fundo moja, zikatupwa. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini, na mimi nilikuwa mmoja wa walioshangilia, maana nimekulia mahali ambapo mbuzi akichinjwa alikutwa na nailoni tumboni. Ila tangu siku hiyo taka huingia pipani zikiwa wazi. Fundo halipo tena. Kilichobaki kati ya taka na upepo ni kifuniko peke yake.

Basi upepo ulianza na vitu vyepesi. Jioni moja nilisikia hodi getini. Alikuwa jirani yetu wa upande wa magharibi, Mama Mapacha, mwanamke mpole ambaye hata akikudai husema anaomba. Mkononi alishika karatasi iliyotobolewa na miiba.

"Karibu ndani, Mama Mapacha."

"Asante mama, sikai. Nimemletea mtoto karatasi yake. Ilikuwa kwenye michongoma yangu, nikasema huenda mwalimu akaitaka."

Ulikuwa mtihani wa hisabati wa mtoto wetu wa kati, wenye alama nyekundu ambayo sisi wazazi tulikuwa hatujaoneshwa. Mtoto alipoona karatasi inaingia sebuleni aliondoka kwenda kufua soksi zake bila kuambiwa. Baba yake alisoma swali kwa swali, kimya. Mimi macho yangu yalikuwa kwa Mama Mapacha, kwa sababu nyuma yake, kando ya uzio, niliona koleo lake limeegemezwa, na penye koleo paliwekwa mchanga mbichi. Alikuwa ameshafukia kitu. Niliuliza, akacheka kidogo, akasema ni pampasi tu, watoto ni watoto. Upole wa aina hiyo unaumiza kuliko ugomvi. Nyumba yetu iko mashariki, yake iko magharibi, upepo unatoka kwetu kwenda kwake. Kila kilichotutoka kilikuwa kinamfikia yeye.

Usiku ule mume wangu alitangaza kuwa pipa litafungwa. Alikwenda nyuma ya nyumba akachukua tofali la saruji lililosalia kwenye ujenzi, akaliweka juu ya kifuniko, akalipiga kofi la kuridhika. Tofali lilikaa. Lakini pipa la taka halifunguliwi na baba mwenye nyumba. Linafunguliwa na dada, ana beseni la maganda mkono mmoja na mtoto mgongoni. Linafunguliwa na mtoto wa darasa la pili aliyetumwa kumwaga majivu. Dada aliliteremsha tofali mara chache, kisha akaanza kuliacha chini, na ukweli ni kwamba mtu yeyote mwenye mikono miwili tu angefanya hivyohivyo. Siku lilipoachwa juu, kisulisuli cha mchana kilipita barabarani, kile kinachozungusha vumbi hadi juu ya nguzo za umeme, kikakinyanyua kifuniko upande mmoja. Tofali likateleza, likavunja pembe ya kifuniko, likatua pale ambapo dakika chache kabla mtoto alikuwa amechuchumaa akicheza gololi. Mama mkwe, aliyekuwa ameketi barazani, alisimama akasema kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Hilo jiwe lirudi lilikotoka. Leo." Likarudi.

Ikafuata kamba ya katani. Kamba ni kitu kizuri, na Tanzania si nchi ya kumfundisha mtu thamani ya katani. Tatizo ni fundo. Fundo linalozuia upepo halifunguki kwa vidole vyenye mafuta ya kupikia, na linalofunguka kwa urahisi halizuii chochote. Watoto wakawa wanapitisha taka kwenye pembe iliyovunjika ili wasifungue kamba. Hapo kunguru wakaona nafasi. Waliotujia ni wale wenye kifua cheupe, jasiri, wenye macho ya kuchungua. Mume wangu, ambaye anafundisha historia sekondari na hawezi kumwona kunguru bila kusimulia, aliwaeleza watoto jinsi kunguru wengine, wale weusi wenye shingo ya kijivu, walivyoletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakati wa utawala wa Waingereza ili wasaidie kula taka za mji, na jinsi walivyozaana hadi wakaimaliza amani ya ndege wengine pwani nzima. Watoto walisikiliza vizuri. Wakati wanasikiliza, kunguru wetu alitoa kichwa cha dagaa kwenye pembe ya kifuniko, akaenda kukilia juu ya paa la Mama Mapacha.

Kamba ikaondoka, ukaja mpira wenye ndoana mbili, ule wanaotumia waendesha bodaboda kufungia mizigo. Kwa mara ya kwanza nilipumua. Dada aliupenda: unavuta, unachomoa, unamwaga, unarudisha. Kifuniko kilitulia usiku kucha, na asubuhi barabara mbele ya nyumba yetu ilikuwa safi. Lakini mpira unaovutwa saa zote juani hauna maisha marefu, na jua la Dodoma mwezi wa Agosti halizuiwi na wingu. Ulianza kufanya nyufa ndogondogo zilizokatisha mpira kwa mapana, kisha nyufa zikaungana. Haukusubiri hata kukatika wenyewe. Siku ya gari la taka kijana mmoja aliyekuwa ananing'inia nyuma ya gari alishuka mbio, akakuta ndoana imenasa kwenye ukingo wa pipa, akaitazama mara moja tu, akatoa kisu.

Nilikuwa getini, nikamwita. Badala yake alijibu mama mmoja aliyevaa glavu na kizibao cha rangi ya chungwa, ambaye ndiye huongoza wale vijana. "Mama, shida yako naiona. Lakini na wewe iangalie ya kwetu. Dereva hazimi gari. Nyumba hii imefunga kwa waya, ile kwa kufuli, ile kwa kamba ya viatu. Tukifungua moja moja jua linazama hatujafika Chidaya." Chidaya ndiko liliko dampo la kisasa la jiji, nje kabisa ya mji. Akaongeza, akiwa ameshapanda: "Tutafutie kinachojifungua pipa likipinduliwa. Hicho hatutakikata."

Maneno hayo yalinikaa kichwani kwa sababu yaliligeuza swali zima. Sisi tulikuwa tunatafuta kitu cha kushinda upepo. Yeye alikuwa anatukumbusha kwamba kifuniko kina mabwana wawili: upepo unaotakiwa ushindwe kukifungua, na mtu anayetakiwa asishindwe. Jioni nilipomweleza mume wangu, alikumbuka habari ya Paris. Mwezi Novemba 1883, mkuu wa mkoa wa Seine aliyeitwa Eugène Poubelle alitoa amri kwamba kila mwenye nyumba awawekee wapangaji wake vyombo vya taka vyenye vifuniko, badala ya kuzimwaga taka barabarani. Waliopiga kelele hawakuwa wenye nyumba peke yao. Waokotaji wa matambara na mifupa, ambao kila alfajiri walichambua taka zile barabarani ili wapate riziki, waliona mkate wao unafunikwa, wakapinga, na wakuu wa mji wakalazimika kuwaachia nafasi ya kuchambua kabla gari halijabeba. Hata huko, alisema, kifuniko kilipowekwa bila kumuuliza anayeshika taka kwa mikono, kilileta vita.

Halafu kukatokea jambo lililotufanya tuache kuliona pipa kuwa shauri la usafi tu.

Mpira ulikuwa umekatwa, mwingine haujanunuliwa, na usiku upepo ulivuma hadi bati likawa linaongea. Asubuhi Mama Mapacha alikuja tena. Safari hii hakubisha hodi kwa sauti, aligonga geti kwa kucha, akaniomba nitoke nje. Akafungua kiganja. Ndani yake kulikuwa na vipande vitatu vya vidonge, vile vinavyokaa kwenye karatasi ya bati, na kila kidonge bado kiko mahali pake. "Samahani sana mama," akasema. "Taka ya mtu si ya kusomwa. Ila mimi mama yangu alikuwa anatumia hizi hizi za presha, nikazijua. Nikaona hazijaguswa. Nikasema nikinyamaza nitakuwa nimefanya vibaya."

Zilikuwa dawa za mama mkwe. Alikuwa anazipokea kliniki, anatushukuru kwa nauli, anazitupa. Nilingoja mume wangu aende kazini, nikaketi naye barazani na kikombe cha chai, nikaviweka vile vidonge juu ya mkeka katikati yetu bila kusema neno. Alivitazama muda mrefu.

"Nilikuwa najisikia vizuri, mwanangu," akasema. "Kichwa hakiniumi. Nikasema kwa nini niendelee kula dawa ya ugonjwa uliokwisha? Na zinaninyima usingizi, nakwenda chooni usiku kucha."

Presha ndivyo ilivyo. Haiumi, na mtu akijisikia nafuu huamini imeondoka, kumbe ni dawa inayoishikilia pale chini. Nilimwambia hivyo, naye akanisikiliza. Tulikwenda kliniki wiki ileile, daktari akambadilishia aina mojawapo na kumtaka ameze asubuhi badala ya jioni, na suala la usingizi likaisha. Nalieleza hili waziwazi, kwa ruhusa yake, kwa sababu najua kuna wazee wengi wanaofanya kama yeye katika nyumba ambazo pipa halifunuki. Lakini naeleza pia kwamba alichoniuliza mwisho wa mazungumzo yale hakikuwa juu ya dawa. Aliuliza: "Kwa hiyo Mama Mapacha ameona kila kitu chetu?" Nikamjibu ameona. Akakunja mkeka, akasema: "Basi leo nitaliangalia hilo pipa mwenyewe."

Mama mkwe amepepeta uwele tangu utotoni. Mpepetaji hutafuta upepo ulio sawa. Ukimgeukia, pumba zinarudi kwenye nafaka na kazi ya siku nzima imeharibika. Alimwomba dada pumba kidogo za mahindi kwenye kopo, akatoka getini. Mume wangu wiki iliyotangulia alikuwa amelisogeza pipa nyuma ya nguzo ya ukuta, upande wa magharibi, kwa hoja kwamba ukuta utalikinga, na sote tuliona hoja hiyo ni nzuri. Ila kifuniko kiliendelea kufunuka, tena kwa nguvu zaidi, na hakuna aliyejua kwa nini. Mama mkwe alisimama pale, akarusha pumba juu kidogo ya pipa. Hazikwenda magharibi. Zilivuka ukuta, zikashuka, zikazunguka, zikarudi kwetu kuelekea ukutani, zikapita chini ya mdomo wa kifuniko.

"Mnaona?" akasema. "Hapa upepo unageuka. Ukiruka ukuta unaanguka nyuma yake na kurudi. Mmelificha pipa mahali ambapo linapigwa usoni."

Akatembea na kopo lake kando ya ukuta mzima, hatua, pumba, hatua, pumba, watoto wa jirani wakimfuata. Alipofika kwenye kona ambayo ukuta wetu unakutana na ule wa choo cha nje, pumba zilianguka chini moja kwa moja. Akarusha tena, zikaanguka tena. "Hapa," akasema. Kisha akaligeuza pipa, bawaba zikaelekea mashariki na mdomo wa kifuniko magharibi. Kwa namna hiyo, hata upepo ukipenya na kukiinua kifuniko kidogo, unakikuta mgongoni na kukisukuma kirudi chini. Tulikuwa tumeliweka kinyume tangu siku ya kwanza ili mdomo uelekee geti, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyoweka.

Siku mbili tatu zilikuwa za amani. Kisha ukaja upepo wa alasiri wenye vishindo, na kifuniko kikaanza kupigapiga, hakifunuki chote, ila kinainuka na kubamiza, kinainuka na kubamiza, hadi kitinda mimba akaamka analia. Kifungua mimba wetu, aliye kidato cha tatu, akatoa daftari la fizikia. Simsifii kwa kuwa ni mwanangu; nasema tu kwamba ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona somo linatoka darasani na kuketi mezani kwetu.

Akatueleza kwamba upepo unaopita juu ya kifuniko hukivuta juu, na kwamba mvuto huo hauongezeki sawasawa na mwendo. Unapatikana kwa kuchukua nusu ya uzito wa hewa, ukazidisha kwa mwendokasi, ukazidisha kwa mwendokasi tena. Hapa kwetu juu, mita moja ya ujazo ya hewa ina kilo moja na kidogo. Upepo wa mita 10 kwa sekunde, yaani kilomita 36 kwa saa, ukikikuta vibaya kifuniko cha nusu mita kwa nusu mita, unaweza kukivuta kwa nguvu ya kuinua kilo moja na robo hivi. Kifuniko chetu, tulipokipima kwenye mizani ya duka, kilikuwa na kilo moja. "Kwa hiyo hatukuwa na njia," akasema. "Na upepo ukienda mara mbili ya hapo, nguvu inakuwa mara nne. Kilo tano."

"Kwa hiyo tuweke uzito wa kilo tano?" baba yake akauliza, na nikaona jicho lake linaelekea yalipo matofali.

"Hapana baba. Uzito ukiwekwa katikati unahesabika mara moja. Ukiwekwa kwenye mdomo, mbali na bawaba, unahesabika mara mbili. Na usilale juu tu, ufungwe."

Pale pale nilimkumbuka mama wa gari la taka. Uzito uliofungwa mdomoni ndio unaojifungua pipa likipinduliwa. Pipa likisimama unakivuta kifuniko chini, pipa likilala kichwa chini unakivuta kifungue. Hakuna fundo, hakuna ndoana, hakuna kufuli, na mtoto anahitaji mkono mmoja.

Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu alitusikiliza hadi mwisho bila kucheka. Akakata vipande viwili vya nondo ya milimita 16, kila kimoja sentimita 45, ambavyo kwa pamoja vina karibu kilo moja na nusu. Akatoboa mdomo wa kifuniko, akavikaza kwa ndani na boliti zenye washa pana ili plastiki isipasuke. Ile pembe iliyovunjika akaiziba kwa kipande cha ndoo kuukuu, akakishona kwa waya. Mama mkwe alitaka kifuniko kisibamize vidole vya watoto, kwa hiyo fundi alikata kandambili iliyokatika mkanda, akabandika utepe wake mwembamba kuzunguka ukingo wote. Na utepe huo, kumbe, uliziba hata ule mwanya mdogo ambao upepo ulikuwa unapitia. Chini, kwenye kona, tulipanga matofali matatu upande wa nyuma na ubavuni ili pipa lisisukumwe likiwa tupu, na mbele tukaacha wazi ili livutwe kwa magurudumu yake.

Kijana wetu alipiga hesabu upya: kifuniko sasa kinahimili upepo wa kilomita 60 kwa saa kabla hakijaanza kuinuka, hapo bila kuhesabu kona wala mwelekeo wa bawaba. Dada naye aliweka sheria yake ya jikoni, ambayo naiona ni muhimu kuliko nondo. Karatasi na vitu vyepesi vinatangulia chini, ndani ya kiroba cha unga kilichokwisha, na maganda mabichi yanafuata juu. Majivu humwagiwa maji kwanza, yakapoa kabisa, kwa sababu kaa moja hai kwenye pipa la plastiki lenye upepo ni moto wa nyumba nzima. Vidonge havitupwi kabisa, vinarudi kliniki.

Siku ya gari la taka nilihakikisha niko getini. Yule kijana mwenye kisu alilivuta pipa kutoka kwenye kona, akalitazama akitafuta pa kukata, hakupaona. Wakalibeba wawili, wakalipindua juu ya ubavu wa gari, kifuniko kikaanguka wazi chenyewe, taka zikatoka zote pamoja na kiroba. Walipolisimamisha, kifuniko kikajifunga. Yule mama wa kizibao cha chungwa akashuka. Alikifungua kwa mkono, akakiachia. Akakifungua tena, akakiachia.

"Nani amekufanyieni hiki?"

Nikamwonesha fundi, aliyekuwa ng'ambo ya barabara. Nikamwonesha na mama mkwe barazani, akimeza dawa yake ya asubuhi. Mama wa taka akamwamkia shikamoo kutoka pale pale barabarani.

Tangu hapo fundi amefunga nondo kwenye mapipa ya upande wetu wa mtaa karibu yote, na la Mama Mapacha tulimlipia sisi, alikataa, tukamshinda. Mama mkwe hualikwa nyumba moja baada ya nyingine akiwa na kopo lake la pumba, na si mara zote anapata kona. Kuna nyumba mbili zilizokaa wazi kabisa, ambazo aliwaambia wenyewe kwa upole kwamba wasitafute mahali pa pipa, wapande mwarobaini kwanza. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, mwenyekiti wa mtaa aliwasimamisha yeye na mjukuu wake waeleze mbele ya watu, bibi akaeleza upepo, mjukuu akaeleza nguvu.

Gari la taka lilikuwepo pia siku hiyo, na yule mama aliomba kusema. Alishukuru. Kisha akasema kwamba majumbani sasa hana malalamiko, ila kile kizimba cha taka cha gulioni kina kuta tatu tu, upande wa nne, ulioelekea mashariki, hauna hata mlango, na kila Jumatatu alfajiri yeye na vijana wake huanza kazi kwa kuokota taka za wiki nzima shambani kwa watu. Mwenyekiti akamgeukia fundi kumuuliza mlango wa bati wa mita mbili unahitaji nondo kiasi gani. Fundi akamgeukia kijana wetu, naye akaomba aletewe daftari.